Tangi Kuukuu la Mafuta Haliponi kwa Moto

Tangi la mafuta la boti si kitu ambacho mtu angetarajia kukikuta Kihesa, kata ya Manispaa ya Iringa iliyo vilimani, mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari. Lakini barabara ya Dodoma inayopita Kihesa ndiyo hiyohiyo inayoteremka kupitia Nduli, Izazi na Migoli hadi bwawa la Mtera, lililojengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya umeme na ambalo limekuwa pia riziki ya wavuvi. Mitumbwi mingi ya huko huenda kwa kasia. Ile yenye injini ya nje hutegemea tangi dogo la petroli, na tangi hilo likianza kuvuja au kuleta uchafu, fundi hutafutwa mjini. Mkoani Mbeya, mwenye boti wa Matema au Itungi kwenye Ziwa Nyasa yuko katika hali hiyohiyo. Fundi anayepokea tangi la boti ndiye anayepokea la bodaboda, la jenereta, la trekta na la mashine ya kusaga, na kazi anayoombwa huwa ni moja: "Fundi, nizibie hapa." Ombi hilo, kwa maoni yangu, limekosewa tangu mwanzo. Tundu ni mwisho wa ugonjwa ulioanzia ndani ya tangi, na tiba ya ugonjwa huo ni kusafisha. Moto wa kuchomelea, ambao kwetu umekuwa hatua ya kwanza, unapaswa kuwa wa mwisho, na kwa matangi mengi madogo haufai kufikiwa kabisa.

Tuanze na namna tangi linavyokufa. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, na ya maji ina gramu 1,000, kwa hiyo tone lolote la maji linaloingia huzama na kukaa chini. Pale chini ndipo bati huliwa. Wengi huamini maji hayo hutokana na umande wa usiku ndani ya tangi lisilojaa, na kwa baridi ya Iringa ya Juni na Julai imani hiyo inaelekea kuwa na mantiki. Hesabu lakini haiiungi mkono sana. Hewa ya nyuzi 25 iliyoshiba unyevu hubeba gramu 23 za maji kwa mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 10 hubakiza 9 na ushee. Tangi tupu la lita 24, basi, haliwezi kutoa hata nusu gramu ya maji kwa usiku mmoja, na hewa ya kipupwe huku kwetu ni kavu kuliko hiyo. Umande huo unatosha kuanzisha kutu kwenye kuta za juu, ndiyo maana si vibaya kulihifadhi tangi likiwa limejaa. Hautoshi kuizima injini. Maji yanayoizima huingia kwa mlango: dumu lililosuuzwa halikukauka, mfuniko uliopoteza gasketi yake, mvua iliyolikuta tangi limeachwa wazi kwenye mtumbwi, wimbi lililoruka wakati wa kujaza. Hii ni habari njema kwa mwenye boti, kwa sababu maji ya namna hiyo yanazuilika.

Maji hayakai peke yake. Petroli ikilala miezi mingi hubadilika harufu na kuacha ulimbo unaonata, ambao huziba vitundu vya kabureta. Kwenye dizeli kuna jambo jingine: pale maji yanapokutana na mafuta, vimelea jamii ya kuvu hupata makao, hula mafuta yenyewe na kutoa tope jeusi la utelezi pamoja na asidi inayotafuna chuma. Fundi akifungua filta akakuta utando mweusi kama ute, asiishie kubadilisha filta, maana mzizi uko ndani ya tangi. Halafu kuna matangi ya umri mkubwa yaliyowahi kubeba petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006, baada ya azimio la Dakar la 2001. Tope la chini la tangi kama hilo laweza kuwa bado na sumu hiyo. Lisishikwe kwa mikono mitupu, na lisikaushwe juani watoto wakicheza karibu.

Kwenye boti ubaya huu una tabia ya kuchagua saa yake. Bomba la kufyonza mafuta kwa kawaida huishia juu kidogo ya sakafu ya tangi, na kama bwawa limetulia, injini hunywa mafuta safi ya juu huku maji na kutu vikiwa vimelala chini. Upepo wa alasiri ukiamka na boti ikaanza kurushwa, kila kilicholala huinuka na kuingia kwenye mpira wa mafuta. Injini huzimika wakati mawimbi yamekuwa makubwa, yaani wakati nahodha anaihitaji kuliko saa nyingine yoyote. Lori likizimika barabarani pale Ilula, dereva huegesha na kuita fundi. Mtumbwi uliozimika katikati ya Mtera hugeuzwa ubavu na wimbi la kwanza. Ndiyo maana siafiki kauli kwamba tangi la boti ni tangi tu kama mengine. Bati ni lilelile, lakini gharama ya uchafu ni tofauti.

Sasa tulitazame lile tundu. Ukichukua tangi la bati lililotoboka chini, ukalikwangua rangi kwa nje kuzunguka kitobo, utaona chuma kinachoonekana kizima. Bonyeza kwa ncha ya bisibisi. Mara nyingi ncha itapenya kwa urahisi pembeni ya kitobo, na tena mbele yake, kwa kuwa kutu imelila bati kutoka ndani na kuacha ngozi nyembamba iliyoshikwa na rangi. Fundi akipeleka moto hapo, chuma hicho hukimbia, na kitobo cha ukubwa wa kichwa cha sindano hugeuka shimo la kuingiza kidole. Ataweka kiraka kikubwa zaidi, na pembezoni mwa kiraka kutu itaendelea na kazi yake kama kawaida. Mteja atarudi baada ya msimu mmoja akimlaumu fundi, na fundi atayalaumu mafuta. Ukweli ni kwamba hakuna aliyetibu kilichokuwa ndani.

Hiyo ni hasara ya fedha. Ya moto ni nyingine. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa katika hewa kwa kiwango kidogo sana, kuanzia asilimia 1.4 hivi hadi asilimia 7 na ushee. Kwa tangi la lita 24, kiwango hicho cha chini hutimia kwa petroli isiyofika hata nusu kijiko cha chai. Kwa pipa la lita 200 kinatosha kijiko kimoja cha mezani. Tangi linaloitwa tupu, lililokaa siku mbili limefunguliwa mfuniko, laweza kuwa na kiasi hicho kimefichwa kwenye mikunjo ya bati, nyuma ya vizuizi vya ndani na chini ya magamba ya kutu. Na petroli hutoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo asubuhi ya baridi ya Kihesa haimlindi mtu. Tangi lililojaa pomoni lina hatari yake, lakini nguvu ya kupasua iko kwenye tangi tupu, ambamo mvuke na hewa vimeshachanganyika vinangoja cheche. Taifa zima liliona petroli inavyowaka pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Kwenye gereji ndogo kipimo hupungua. Kanuni ya moto ni ileile.

Hapa hujibiwa kwamba mafundi wamechomelea matangi miaka nenda miaka rudi kwa kuyajaza maji, na wako hai. Njia ya maji si ya kubezwa. Maji hufukuza hewa na mvuke, na fundi makini hulilaza tangi ili sehemu ya kuchomelea ibaki juu na nafasi tupu iwe ndogo kabisa. Lakini nafasi hiyo ndogo ndiyo iliyo chini ya moto wake, na petroli, kwa kuwa huelea juu ya maji, hupanda na kukusanyika palepale. Tangi lililojazwa maji bila kuoshwa kwa sabuni kwanza limeyapandisha mabaki yake yote hadi kwenye cheche. Wengine huelekeza moshi wa ekzosi ya gari ndani ya tangi wakiamini unaua moto. Moshi huo una hewa ya ukaa, kweli, ila una pia oksijeni iliyobaki na mafuta yasiyoungua, na hakuna gereji ya mtaani yenye kipimo cha kuonyesha kilichomo kwa dakika ile. Wapo pia wanaosema dizeli hailipuki. Dizeli baridi haitoi mvuke wa kutosha, hilo ni sahihi; huanza kwenye joto la nyuzi zaidi ya 50. Bati linalochomelewa hupita joto hilo kwa sekunde chache, na mabaki yaliyoganda ndani huchemka, hutoa mvuke na kuwaka. Kuhusu wale walio hai, nawashukuru na kuwaheshimu, lakini ushahidi wao una upungufu mmoja mkubwa: waliolipukiwa hawapo kusimulia upande wao. Mwongozo wa mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, HSE, kuhusu matangi madogo na mapipa unauliza kama kazi inaweza kufanyika bila moto kabisa. Swali hilo linafaa Kihesa kuliko Uingereza, kwa sababu sisi hatuna vipimo walivyo navyo wao.

Kusafisha basi, kwa utaratibu. Kazi ifanyike nje, mahali pa wazi, mbali na grainda, swichi za umeme na sigara. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa ardhini na kukaa kwenye mitaro. Jiko la mkaa la mama lishe aliye ng'ambo ya uwanja laweza kuupokea. Mafuta yaliyobaki yatolewe kwa pampu ya mkono, kamwe yasivutwe kwa mdomo, kwa sababu petroli ikiingia mapafuni huyachoma. Kisha tangi livuliwe kila kitu: geji, bomba la kufyonzea, kichujio, mpira, gasketi. Maji matupu hayasaidii sana kwa kuwa huteleza juu ya mafuta bila kuyashika. Inahitajika sabuni ya unga nyingi kwenye maji ya moto, yaliyochemshwa mbali na kazi. Tangi litikiswe, ligeuzwe kila upande, maji yamwagwe, na yote yarudiwe mpaka maji yatoke hayana rangi ya upinde wa mvua juu yake. Ulimbo mkavu na magamba hung'oka kwa kutia kokoto ndogo au nati na kuzungusha tangi kwa muda mrefu. Zihesabiwe zinapoingia na zihesabiwe zinapotoka, kwani nati moja iliyosahaulika itagonga ndani mwaka mzima.

Kutu huondolewa kwa asidi dhaifu na kwa subira. Siki, au unga wa asidi ya limau unaouzwa kwa watengeneza juisi, uliochanganywa na maji na kuachwa ndani siku moja au mbili, hula kutu na kulidhuru bati kidogo tu. Molasi, ile inayotoka kwenye viwanda vya miwa kama vya Kilombero, ikizimuliwa kwa maji mara tisa yake hufanya kazi hiyohiyo kwa wiki moja au mbili, taratibu na bila madhara makubwa kwa chuma. Wapo wanaomimina maji ya betri ili wamalize mapema. Asidi hiyo haichagui, hula kutu na chuma pamoja, na hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Njia ya mkato namna hiyo siipendekezi kwa mtu yeyote. Tangi la alumini lina sheria yake: kostiki soda isilikaribie kabisa, maana huiyeyusha alumini na kutoa gesi hiyohiyo. Wala dawa ya kufulia yenye klorini isichanganywe na asidi yoyote, hata siki, kwa kuwa hutoa klorini inayoua mapafu. Asidi ikishamwagwa, bati lililo uchi huanza kushika kutu mpya ndani ya saa chache, wakati mwingine dakika. Lisuuzwe mara moja kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua mabaki ya asidi, likaushwe kabisa juani, kisha lipakwe mafuta ya injini mepesi ndani kwa kulizungusha.

Mtu atauliza: je, kusafisha huku hakutaongeza matundu? Kutaongeza, au kwa usahihi zaidi, kutayafichua. Kutu iliyokuwa imeziba kitobo ikiondoka, kitobo huonekana. Hiyo ndiyo faida yake. Bora matundu matano yajitokeze kwenye uwanja wa gereji kuliko moja kujitokeza juu ya maji, karibu na injini ya moto na kamba za nyavu.

Upimaji nao una mtego wake. Mtu huchukua mpira wa kompresa ya matairi, akaubana kwenye mdomo wa tangi na kufungulia. Tangi la pande bapa halikuumbwa kwa hilo. Ubao wa bati wa sentimita 30 kwa 40, ukisukumwa na presha ya psi 15 tu, hubeba mzigo unaozidi tani moja, na kompresa ya matairi hutoa presha mara nyingi zaidi ya hapo. Psi 3 zinatosha, na hizo hupatikana kwa pampu ya baiskeli na mkono wenye utulivu. Pakaa povu la sabuni kwenye mishono yote, kisha tazama. Panapovuja povu litavimba.

Hapo ndipo uamuzi wa kuziba unapofanywa, na kwa tangi lililosafishwa uamuzi huwa mwepesi. Vitobo vichache kwenye bati gumu huzibwa kwa gundi ya epoksi ya sehemu mbili isiyoyeyuka kwa petroli, juu ya chuma kilichopigwa msasa hadi kung'aa, pamoja na kipande cha bati juu yake kikibidi. Resini ya kawaida ya faibaglasi haifai, petroli huilainisha. Risasi ya kulehemu hushika vizuri pia, lakini chuma cha kulehemu ni moto kama moto mwingine, na tangi lazima liwe limeoshwa kwa kiwango kilekile. Rangi za kupaka ndani zinazouzwa kwa matangi ya pikipiki hushika kwenye bati safi na kavu peke yake. Zikipakwa juu ya ulimbo hubanduka vipande vipande na kwenda kuziba njia ya mafuta. Kama sakafu yote ya tangi inabonyea kwa ncha ya bisibisi, kazi imeisha: tangi hilo litobolewe makusudi ili asije mtu akalitumia, liende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu likiwa limeoshwa. Tangi la plastiki lililopasuka nalo halitengenezwi. Na likibaki lile moja kubwa la chuma kinene ambalo lazima lichomelewe, hilo si la kufanyiwa kwenye kibanda cha mtaani. Lipelekwe mahali penye vifaa vya mvuke au gesi isiyowaka na watu waliofunzwa, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inayosimamiwa na OSHA. Chuo cha VETA kiko hapahapa Iringa, na ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la umaskini. Tangi jipya lina bei, epoksi ina bei, na siku mbili za kusubiri siki ni siku mbili bila samaki. Kipande cha sabuni ya mche kinachopachikwa kwenye kitobo hakigharimu kitu. Nalielewa hilo, na sabuni kweli huzuia petroli kwa kuwa haiyeyuki ndani yake. Huyeyuka kwenye maji lakini, na chini ya tangi la boti ndipo maji yalipo, ndani na nje. Vivyo hivyo dumu la mafuta ya kula lililotobolewa mfuniko ili lipitishe mpira: ni rahisi, lakini haliwezi kupumua vizuri wala kufungika vizuri, na mafuta humwagika sakafuni. Mvuvi maskini ndiye asiyeweza kumudu injini iliyozimika katikati ya bwawa au kabureta iliyoharibiwa na kutu. Sehemu kubwa ya usafishaji niliyoieleza inahitaji sabuni, maji ya moto, siki na nguvu za mikono, vitu ambavyo kila kijiji kutoka Migoli hadi Matema kinavyo. Kinachokosekana ni utaratibu wa kulifungua tangi mara moja kwa mwaka, kabla ya uchafu kufikia kutoboa.

Kuna jambo la mwisho ambalo gereji zetu hulipuuza. Maji machafu ya kuoshea tangi humwagwa mtaroni. Maji ya mji wa Iringa huteremkia mto Ruaha Mdogo, na Ruaha Mdogo huingia Ruaha Mkuu kabla ya bwawa la Mtera. Mafuta na tope vinavyomwagwa Iringa vinashuka kuelekea kwa samaki walewale ambao boti ya tangi hilo ilikuwa ikienda kuwavua. Maji hayo yakusanywe kwenye pipa, yaachwe yatengane, mafuta ya juu yapelekwe kwa wanaokusanya mafuta machafu, na tope lisiguse mfereji wala shamba.

Ndugu msomaji, ukipeleka tangi kwa fundi, mwambie lilibeba nini, limekaa tupu kwa muda gani, na kama limeoshwa, limeoshwa kwa kitu gani. Usimfiche ili akupunguzie bei. Akikataa kuliwekea moto, usimwone mwoga wala usiende kwa jirani yake anayekubali kila kitu. Mlipe muda wake na umwombe alisafishe. Na moto ukitokea, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na kupiga ni bure.